Kitabu cha "moja ni moja": nilikidharau darasa la tatu, juzi nimekinunua kwa elfu tatu

MtuWaMuheza

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Jumamosi nilipita Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Mdogo wangu alinituma kitabu cha uhasibu. Sikukipata. Ila chini ya rundo la majarida ya magari nikaona jalada ninalolijua, na nililijua kabla sijasoma jina, kama unavyomtambua mtu uliyesoma naye kwa kisogo tu. Moja Means One. Kitabu cha picha cha kuhesabia, moja hadi kumi. Kimeandikwa na Muriel Feelings, picha kachora Tom Feelings, kilitoka Marekani mwaka 1971. Jamaa alitaka elfu tano, tukamalizana kwa tatu.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1993, shule ya msingi huko Muheza, mimi niko darasa la tatu. Shule ikaletewa katoni mbili za vitabu vya msaada kutoka Marekani. Mwalimu mkuu akavifungia kabatini ofisini, na kila Ijumaa darasa lililofagia vizuri lilipewa nusu saa ya kuviangalia. Kuviangalia, maana kuvisoma hatukuweza, Kiingereza ndiyo kwanza tumekianza. Kulikuwa na vitabu vya treni, vya dinosaria, vya watoto waliovaa makoti mekundu, rangi zinawaka hadi unatamani kulamba ukurasa. Hivyo viligombaniwa. Aliyechelewa kufika mezani alibakiwa na Moja Means One.

Mimi nilikuwa mchelewaji.

Kwanza kitabu chenyewe hakina rangi. Hakuna nyekundu, hakuna kijani, ni kivuli kivuli tupu, kama picha zimepigwa saa ya magharibi na taa hazijawashwa. Halafu jina lake. "One" tulikuwa tunaijua. Tukamuuliza mwalimu "means" ni nini, akasema "maana yake ni". Tukaunganisha wenyewe: moja maana yake ni moja. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la nne akaja kuchungulia dirishani. Kitabu kimepanda meli kutoka Marekani kuja Muheza kutuambia moja ni moja!

Na pembeni ya kila namba wameandika jinsi ya kuitamka: mo-jah, m-bee-lee. Sisi tukajua mwandishi kakosea tahajia, halafu kaona aibu kufuta. Mwenzetu mmoja akajaribu kuisoma ile ya pili kwa sauti, ikatoka "embeelii". Leo ana duka la vifaa vya ujenzi na wajukuu wawili, bado tunamwita Embili.

Jambo la mwisho ni stika. Jaladani palikuwa na stika ya duara, rangi ya fedha, ukiigeuza kwenye mwanga inameta kama shilingi mpya. Niliibandua kwa kucha, kidogo kidogo, Ijumaa tatu mfululizo, nikaibandika kwenye daftari langu la Hisabati. Ilipogundulika nikala viboko viwili. M-bee-lee.

Basi juzi usiku nimekisoma na binti yangu wa miaka sita, umeme umekatika, tunamulika kwa tochi ya simu. Moja ni Mlima Kilimanjaro. Tatu ni mibuni. Saba ni samaki, na maandishi yanakwambia mto Nile unatoka Uganda unakwenda Misri. Kumi ni wazee wanawasimulia watoto hadithi. Mtoto anahesabu kwa kidole, mimi nimekodolea picha. Hizi picha nilizoziita giza! Mwanga upo, tena mwingi, ila hauji kutoka juani. Ni kama unatoka kwenye ngozi za watu wenyewe. Nilisogeza tochi pembeni nikadhani ni simu inanidanganya, ukurasa ukabaki vilevile.

Binti alipolala nikarudi kurasa za mwanzo, zile ambazo zamani hatukuzigusa kwa sababu ni maneno matupu na ramani. Huyu mama alikuwa mwalimu, amefundisha Afrika na amefundisha kwao. Anaeleza kwamba amewaandikia watoto wenye asili ya Afrika, wajifunze kuhesabu kwa Kiswahili na waijue asili yao kidogo.

Nikakaa na hilo. Miaka thelathini nimekuwa nikisimulia kichekesho cha Wamarekani waliotufundisha kwamba moja ni moja, na sisi hatukuwa hata tunaoambiwa. Ilikuwa barua ya watu wengine. Ikapotea njia, ikatua kwenye kabati letu, tukaifungua na kuicheka hati yake.

Mwenye kukijua kitabu hiki, au mwenye kitabu kingine cha utotoni alichokirudia ukubwani kikamgeuka, karibu. Nawasilisha.

Pilipili_Kichaa

Embili 😂😂 Niko kwenye daladala, konda kaniuliza kama niko sawa. Naweka kambi hapa.

MwalimuChaki

Mwanangu MtuWaMuheza, umenikumbusha kabati la ofisi. La kwetu ufunguo ulikuwa unakaa ndani ya soksi ya mwalimu mkuu, sitanii.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka 27 na sasa nimestaafu, kwa hiyo ruhusuni niingize chaki. Namba za kitabu hicho ni zile za kuimba ubaoni: moja, mbili, tatu, nne. Lakini ukiangalia picha, ni vitu vinavyohesabiwa, na Mswahili hahesabu vitu kwa namna hiyo. Hiyo ya nne ni akina mama waliobeba watoto mgongoni, sivyo? Mtoto wa Philadelphia akishika "nne" kisha akatua Dar akasema "mama nne", muuza ndizi atamuuliza ndiyo basi la wapi. Ni akina mama wanne. Mlima mmoja, mibuni mitatu, wanyama watano. Namba inavaa sare ya kitu kinachohesabiwa.

Akifika sita anapumua. Nguo sita, samaki saba, hakuna kuvaa chochote. Akizoea raha hiyo anakutana na nane: vibanda vinane, watu wanane, sare zimerudi! Halafu tisa imepumzika tena. Watoto wangu wa darasa la kwanza walikuwa wananiuliza kwa nini, na jibu ni kwamba sita, saba na tisa ni wageni, zimetoka Kiarabu, wageni hawavalishwi sare. Hizo nyingine ni za ukoo wa Kibantu. Kumi naye ni wa ukoo ila mkaidi, hataki sare.

Za kwetu za zamani zilikuwepo: tandatu, fungate, kenda. Fungate hatukuitupa, tumeihamishia chumbani kwa maharusi, ndiyo zile siku saba.

Sikitukani kitabu. Ningekuwa nacho ningekitumia, mtoto aone samaki saba kisha mwenyewe agundue kwamba samaki hawabadilishi chochote. Mnamo miaka ile tulikuwa tunahesabia vizibo vya soda.

BintiKibokoni

Mwalimu umenigusa hapo kwa kenda. Marehemu nyanyangu, Mombasa hapa, hakuwahi kusema tisa maishani mwake. Sita, saba, nane, kenda, kumi. Sisi wajukuu twamcheka, yeye atuangalia tu kama sisi ndio hatujui kuhesabu.

Mimi n'nacho ndugu yake hicho kitabu. Jambo Means Hello, watu ni wale wale wawili, kilitoka 1974, chenyewe ni cha alfabeti. Herufi ni 24 kwa kuwa Kiswahili hakina Q wala X. (Na C tukisema kweli haina kazi bila H, lakini tuwaachie.) Shangazi yangu alifanya kazi kwa familia moja ya kizungu, walipohama walimwachia sanduku la vitabu, na hiki kikiwemo. Mimi wakati huo nina miaka minane, naandika insha shuleni kuhusu arusi ya kaka yangu. Mwalimu wetu ametoka bara. Kila nilipoandika arusi akaniwekea H kwa wino mwekundu. Harusi, harusi, harusi, ukurasa mzima umetapakaa damu. Nikaambiwa naandika makosa ya mtaani.

Jioni ile nafungua kitabu cha shangazi. Herufi ya kwanza kabisa, A. Arusi! Imeandikwa vile vile nyanya yangu alivyoitamka, na bibi arusi wangu hapo kachorwa. Nilikipeleka shuleni kesho yake nimekibana kifuani. Mwalimu akakitazama, akasema hawa ni Wamarekani watajuaje. Sikuwa na jibu. Niliporejea kukisoma juzi baada ya kuona uzi wako nimeelewa: yule mama hakubuni, aliandika kama ilivyokuwa kwenye kamusi za wakati wake. Ile kamusi kubwa ya Johnson ya 1939 ina arusi. Mimi na nyanyangu tulikuwa na ushahidi, na hatukujua pa kuupeleka.

Ila kuna doa. Jina lenyewe la kitabu. Jambo ni jambo, kitu, habari. Salamu ni hujambo, yaani huna jambo, nawe wajibu sijambo. Mtu akikusimamia mlangoni akasema "jambo!", kwetu wamuuliza: jambo gani, kuna msiba?

SinaDogo

Wakuu nyote mmelegea. Ngojeni niharibu arusi, au harusi, mchague.

Nimekiona hicho kitabu cha kuhesabia mtandaoni. Mlima, kahawa, mama kabeba mtoto, wanyama wa mbugani, soko, ngoma, mzee anasimulia. Mwaka 1971! Mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko wazi, reli ya TAZARA inajengwa, Kariakoo watu wanagombania basi. Liko wapi basi? Yuko wapi karani, nesi, fundi cherehani? Afrika yote imekuwa kijiji kimoja kisicho na nguzo ya umeme. Kama angechora mzungu leo tungemshukia hapa kurasa kumi.

Pili, hao Wamarekani weusi mababu zao wengi walisombwa kutoka Afrika Magharibi na huko Kongo na Angola. Kiswahili kinawahusu nini? Wangejifunza Kiyoruba.

Tatu, kwenye mbili wanasema watu wanacheza mankala, eti mchezo wa kuhesabu. Mankala ndiyo nini? Nimeishi miaka 38 nchi hii sijasikia kijiwe cha mankala.

MzeeWaBao

Hilo la tatu niachieni mimi. Mankala ni neno la wataalamu, asili yake Kiarabu, wanaliita hivyo kundi zima la michezo ya kuhamisha kete kwenye mashimo, wa kwetu, wa Uganda, wa Ghana, hadi wa Asia. Ni sawa na mtu kuandika kwamba wavuvi wa Bagamoyo wanaendesha "vyombo vya majini". Si uongo. Lakini ukimwambia mzee wa kijiweni twende tukacheze mankala atadhani umemtukana.

Bao letu lina mashimo 32, kete 64, na kabla hujacheza mtaji, ile hatua ya pili, unatakiwa umalize kunamua, yaani kuingiza kete za akiba moja moja, hapo ndipo vijana wengi wanapofia. Kuliita mchezo wa kuhesabu nako kuna ukweli nusu. Anayehesabu kwa kidole ameshafungwa. Unatakiwa uangalie shimo ujue.

Nimemaliza, endeleeni na mambo ya vitabu.

MnyamweziMajuu

SinaDogo, hoja ya pili nina kitu cha kukuonyesha. Niko Marekani mwaka wa 11. Desemba ya kwanza mzee mmoja jirani yangu, mweusi wa huku huku, alinialika kwao kwenye Kwanzaa. Mimi sikujua ni nini, nikajua ni pati ya krismasi imechelewa. Nafika mlangoni, mzee kavaa kanzu ya kitenge, ananipa mkono, ananiambia kwa sauti nzito: "Habari gani?"

Nikajibu, "Nzuri mzee, shikamoo."

Kimya. Watu wakaangaliana. Kumbe ile ni salamu ya sherehe na ina jibu lake la kila siku. Siku ile ilikuwa tarehe 28, jibu ni "Ujima". Siku ya kwanza ni umoja, ya pili kujichagulia, zinakwenda hivyo siku saba: ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Mimi niliyezaliwa Tabora nikafeli Kiswahili sebuleni kwa Mmarekani.

Sherehe hiyo ya Wamarekani weusi ilianzishwa na mwenzao, Maulana Karenga, mwaka 1966. Angalia miaka hiyo. 1967 Azimio la Arusha. Nyerere anasikika dunia nzima. 1974, mwaka ule ule cha alfabeti kilipotoka, mkutano wa sita wa Umajumui wa Afrika unafanyika Dar, Wamarekani weusi wamekuja kwa wingi. Hawakuchagua Kiswahili kwa kutafuta kabila la babu. Nilimuuliza yule mzee swali lako hilo hilo, akanijibu kwamba yeye hajui babu yake alikuwa kabila gani na hatajua, basi akachukua lugha ambayo nchi za Afrika zenyewe zilikuwa zimeichukua iwe ya wote.

Alikuwa na Moja Means One kwenye rafu yake ya vitabu, bila jalada, imefungwa na ufito wa plasta. Watoto wake watatu walikilia udenda. Aliniomba nikisome kwa sauti ili asikie "nne" inavyosemwa na mwenyewe. Nilisema nne. Akasema rudia. Nikasema nne. Mzee wa miaka 70 na kitu anajaribu ile nn ya mwanzo, inamtoka "eni-nee", anacheka, anajaribu tena.

Sikumsahihisha habari ya akina mama wanne, Mwalimu utanisamehe.

MwalimuChaki

Nimekusamehe.

fundi_rangi

Nilikuwa nasoma kimya kimya, ila mmefika kwenye kazi yangu. Nachora vitabu vya watoto, nalipwa kidogo, nalalamika sana.

MtuWaMuheza, hiyo stika uliyobandua. Ile ni Caldecott. Ni tuzo ya wachoraji wa vitabu vya picha Marekani, inatolewa na chama cha wakutubi tangu 1938. Mshindi anapata ya dhahabu, vitabu vya heshima vinapata ya fedha. Moja Means One ilipata ya fedha mwaka 1972, na Tom Feelings akawa mchoraji mweusi wa kwanza kuheshimiwa hivyo. Zaidi ya miaka thelathini ya tuzo, wa kwanza! Jambo Means Hello nayo ikaipata 1975. Wewe ulikwenda kuibandika kwenye daftari la Hisabati.

Kuhusu giza. Tom Feelings alizaliwa Brooklyn 1933. Alipokuwa kijana alichora katuni ya gazeti moja la weusi wa New York, inaitwa Tommy Traveler, ya kijana anayesoma vitabu vya historia ya watu weusi kisha anajikuta yumo ndani ya historia yenyewe. Mwaka 1964 akaenda Ghana kwa Nkrumah, akafanya kazi ya uchoraji huko hadi 1966 Nkrumah alipopinduliwa. Kwa hiyo SinaDogo usije ukafikiri alikuwa anachora Afrika ya kuambiwa. Muriel naye alifundisha sanaa Kampala, miaka hiyo hiyo ya sitini.

Mbinu ya Tom jaribuni nyumbani kama mna subira. Unachukua karatasi laini, ile nyepesi ya kufungia zawadi, unaibandika mbichi kwenye ubao, inajikunja na kufanya makunyanzi. Juu yake unapitisha wino na rangi nyeupe nzito. Wino unatuama kwenye makunyanzi, nyeupe inashika migongo yake, na ngozi ya mtu unayemchora inaanza kupumua. Nilijaribu wiki nzima. Nilipata kitu kama ramani ya mafuriko. Mwanga unaosema unatoka ndani ya miili, wakuu, ni karatasi ya zawadi na mkono usiotetemeka.

Mngetaka kujua alikuwa anaelekea wapi na rangi hizo, tafuteni kazi yake ya 1995, The Middle Passage. Aliifanyia kazi karibu miaka 20. Ni safari ya meli za watumwa kuvuka Atlantiki, inasimuliwa kwa picha tupu, hakuna sentensi chini ya picha hata moja. Nyeusi na nyeupe vilevile. Niliiangalia mara moja nikaifunga. Siku nyingine nikarudi kwenye ukurasa wa kumi wa hiki cha kuhesabia, watoto wamekaa wanasikiliza wazee, nikaona ni mkono ule ule. Kwa nini mtu aliyekuwa anabeba zile meli kichwani achore kituo cha basi? Alichora kile ambacho meli zilikatisha.

SinaDogo

fundi_rangi umenifunga goli moja. Hayo ya mwisho nayakubali.

Ila basi bado nalidai. Mtoto wa Brooklyn akikua anakuja Dar, anakuta foleni ya Ubungo, anajiona kadanganywa. Nimewaona. Wanashuka uwanja wa ndege wanatafuta kijiji. Mapenzi ya namna hiyo yanachosha anayependwa.

MtuWaMuheza

Wakuu ahsanteni, sikutegemea uzi ufike hapa. Nijibu machache.

SinaDogo, umenena, na si wewe wa kwanza. Binti yangu alipofika ukurasa wa nane, wa soko, aliuliza: "Baba, bodaboda zimepaki wapi?" Nikamwambia kitabu ni cha zamani. Akasema, "Hata baiskeli?" Sina la kumtetea mwandishi hapo. Lakini nakumbuka vile vitabu vya treni na makoti mekundu tulivyovigombania. Katika katoni mbili zile, nadhani ni vitabu kama sitini, hiki ndicho peke yake chenye watu wanaofanana na sisi. Na ndicho tulichokiacha mezani. Tulikuwa tumekaa darasani watoto arobaini na nane, mama zetu wanne au arobaini wako nje wanapita na watoto mgongoni, tunaona kitabu chenye mama kabeba mtoto tunasema ah, hiki hakina kitu.

Hilo ndilo lililonikaa kooni zaidi ya ile habari ya barua. Yule mzee wa MnyamweziMajuu alikifunga plasta. Sisi tulikitumia kuegemezea dirisha lisipigwe na upepo, sasa nakumbuka vizuri, muhula wa pili wote kilikaa dirishani.

BintiKibokoni, dada yangu, arusi yako nimeisoma mara mbili. Kwetu Muheza bibi naye alisema arusi. Mimi ndiye niliyeongeza H nilipokwenda sekondari, hakuna aliyenilazimisha.

Mwalimu, nimejaribu somo lako. Jana jioni nilimwambia binti ahesabu picha kwa kutaja vitu. "Mlima mmoja, watu wawili, miti mitatu..." hakukosea hata kimoja, wala hajui kama kuna kanuni. Alipofika saba akasema "samaki saba" akaendelea. Nikamuuliza mbona hukusema wasaba. Aliniangalia kama nyanya wa BintiKibokoni.

MzeeWaBao

Mfundishe na bao.

fundi_rangi

Mkuu, hicho ulichonunua Posta, stika ipo? Nakala nyingine imechapwa moja kwa moja kwenye jalada.

MtuWaMuheza

Ipo, ya kubandika kabisa. Imepauka, imekuwa kama bati la zamani. Na leo asubuhi nimeona pembe moja imeinuka. Kuna alama ya kucha, ndogo.

Pilipili_Kichaa

Mkuu kagua daftari la Hisabati 😂

MtuWaMuheza

Nimeshakagua. Bado haijafika. Nasubiri Ijumaa.